Mtunza programu huria asione haya kukataa

Takwimu za zahanati za Mbeya na Iringa huingia kwenye DHIS2, programu huria iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo. Yenyewe ina wahandisi wanaolipwa. Lakini mifumo ya namna hii husimama juu ya programu ndogo nyingi, na baadhi hutunzwa na watu wa kujitolea, usiku, baada ya kazi. Mwenye saa mbili kwa wiki apunguze anachoahidi: arekebishe kasoro za usalama kwanza, vipengele vipya avikatae waziwazi.

Wapo watakaosema kukataa kunaua ushirika. Ushahidi unaonyesha kinyume. Mwaka 2022 Lasse Collin, aliyetunza XZ, programu huria ya kubana data, karibu peke yake, alieleza hadharani kwamba afya ya akili inampunguzia uwezo. Badala ya kuhurumiwa alishinikizwa, na msaidizi aliyejiita Jia Tan akapewa mamlaka ya kuitunza. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ. Ushirika gani huo?

Msaada wa kweli unawezekana: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Chuo Kikuu cha Iringa vihesabu kuwasaidia watunzaji hawa kuwa mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi anayejaribu kasoro iliyoripotiwa na kuandika hatua za kuirudia humwokolea mtunzaji jioni nzima.