Uchambuzi: Mabinti wa sataranji na hatua za mwanzo

Huenda hujawahi kuona ubao wa sataranji, ambayo wengi huiita chesi. Lakini bao unalijua: mchezaji mzoefu hagusi kete kabla hajajua atazifikisha wapi. Kwenye sataranji hesabu hiyo ya mwanzo huitwa ufunguzi, na ndipo mabinti wengi wa kwetu wanapopigwa.

Tumchukue Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala. Septemba 2010 alikuwa Khanty-Mansiysk, Urusi, kwenye Olimpiadi ya sataranji, ambako timu ya wanawake huchezesha wanne kwa mechi na matokeo yao hujumlishwa. Alikutana na Dina Kagramanov, aliyekuwa bingwa wa wanawake wa Kanada. Alifungwa.

Mwenye kete nyeupe ndiye anayeanza. Wengi husogeza askari wa mbele ya mfalme nafasi mbili. Anashika katikati ya ubao, na nyuma yake malkia na askofu wanapata njia. Ukiwa na haraka ya kumtoa malkia, kete ndogo zitamfukuza huku mwenzako anapanga jeshi. Ukizubaa, mfalme wako ananaswa kwa hatua 4 tu!

Hiki si kipaji, ni somo. Wenye walimu, vitabu na kompyuta wamekariri hatua 10 au zaidi, wanazicheza haraka na kutunza dakika zao. Asiyezijua anaanza kuumiza kichwa mapema, na saa ya mezani haimsubiri.

Mutesi alianzia kwa kocha Robert Katende, ambako watoto walipewa pia uji. Aliyemwonyesha kete zinavyokwenda ni Gloria Nansubuga, mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2012, Istanbul, alipata cheo cha shirikisho la dunia, FIDE. Tunavyoona sisi, akili ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni mazoezi.

Mwaka 2021 FIDE ilipeleka mafunzo kambi ya Kakuma, Kenya, na wasichana wakimbizi wakaingia. Sisi tunaoishi jirani na Nyarugusu tuna sababu ya kulitazama hilo.

Ubao unaweza kuchorwa kwenye boksi, kete zikawa vizibo vya soda. Kwenye simu, Lichess ni bure, unalipia bando tu. Ila nyumba nyingi za huku simu kubwa iko mfukoni mwa baba au kaka, na jioni, saa ya mazoezi, binti yuko jikoni.