Kutuliza Maumivu Baada ya Upasuaji wa Mguu ni Sehemu ya Tiba

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji wa wayo au kifundo cha mguu huwa mgumu. Dawa ya usingizi imekwisha nguvu, mfupa uliofungwa vyuma unaanza kuuma, na mara nyingi mgonjwa huambiwa avumilie. Katika nchi ambayo ajali za bodaboda huwafikisha vijana wengi kwenye wodi za mifupa, suala hili halipaswi kuachiwa uvumilivu peke yake.

Njia mojawapo ni ganzi ya neva. Hisia za wayo na kifundo hupita katika neva tano: nne ni matawi ya neva kuu ya nyuma ya paja, na moja hutokana na neva ya mbele ya paja. Mtaalamu wa usingizi huchoma dawa karibu na neva hizo, nyuma ya goti au kuzunguka kifundo, akiongozwa na altrasaundi pale inapopatikana. Bupivakeini ikichomwa nyuma ya goti, ganzi huweza kudumu saa 12 hadi 24. Haja ya mofini, ambayo huleta kichefuchefu na ikizidi hudhoofisha upumuaji, hupungua.

Hata hivyo, njia hii ina masharti. Mguu wenye ganzi haukanyagi sawasawa, hivyo mgonjwa asisimame bila msaada. Kwa aliyevunjika vibaya, ganzi inaweza kuficha maumivu yanayoashiria shinikizo la hatari ndani ya misuli, uchunguzi hutangulia. Dawa ikiingia kwa wingi katika mshipa wa damu, huathiri moyo na ubongo. Aidha, ganzi inapokwisha maumivu huweza kurudi kwa kasi, hivyo dawa za kumeza zianze mapema.

Bupivakeini na lidokeini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo, swali la kisera si kama zina nafasi, bali nani atazitumia, wapi na kwa gharama ya nani. Utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni fursa ya kuhesabu tiba ya maumivu kuwa sehemu ya upasuaji, si nyongeza.

Naye mwananchi anayejiandaa kwa upasuaji aulize mapema: maumivu yangu yatatulizwaje usiku wa kwanza?