SISTA, KILWA HAIJAKUIBIA KITU! VIFUNIKO VYAKO VYA RIMU VILIBAKI NJIANI, MRUDISHIE DOGO HELA YAKE

Wadau, ile klipu mmeiona. Kama hujaiona, basi ulikuwa umezima data. Dada mmoja wa mjini, jina kapuni ila wafuasi wake mnajijua, kaenda Kilwa na gari la kulala. Hiace ndefu iliyotolewa siti, ndani kuna kitanda, kifriji, jiko la gesi na taa za rangi kama ukumbi wa harusi. Kaliacha gari Kilwa Masoko, kapanda boti kwenda Kisiwani, kapiga mapicha kwenye magofu, karudi. Kuangalia gari, vifuniko vya rimu viko viwili badala ya vinne. Simu ikawashwa palepale, dunia ikatangaziwa kwamba Kilwa ni pazuri ila watu wake wana mkono mrefu.

Komenti zikafurika. Wengine wakasema watu wa kusini ndivyo walivyo. Wengine wakaapa hawakanyagi tena huko. Kuna mpaka waliofuta safari zao za mwisho wa mwaka, eti kwa sababu ya plastiki mbili.

Sasa leo tuongee vizuri, maana kuna watu wawili wanaumia hapa na hakuna hata mmoja mwenye wafuasi laki. Wa kwanza ni mwenyeji wa Kilwa anayeishi kwa boti, kwa kuongoza wageni na kwa kuuza samaki wa kukaanga. Wa pili ni dogo dereva, ambaye chanzo chetu cha karibu na msafara kinasema kakatwa hela ya vifuniko kwenye malipo yake, eti alizembea kulinda gari.

Tuanze na ushahidi, na ushahidi kautoa sista mwenyewe. Rudini kwenye posti zake za safari hiyohiyo. Klipu ya kwanza, asubuhi Mbagala, anazunguka gari huku muziki unapiga: vifuniko vinne, vinang'aa. Klipu ya pili, kasimama kupiga picha Daraja la Mkapa, pale Rufiji. Achana na pozi, achana na miwani, angalia gurudumu la nyuma la kushoto nyuma ya mguu wake. Rimu nyeusi tupu! Klipu ya tatu, Nangurukuru kwenye chipsi, na la mbele la kushoto nalo liko wazi.

Haya, tufundishane jiografia kidogo. Daraja la Mkapa liko Mkoa wa Pwani. Ukishalivuka ndiyo unaanza kuitafuta Somanga, ndipo uingie Wilaya ya Kilwa. Kwa hiyo kifuniko cha kwanza kilimkimbia kabla hajaugusa hata Mkoa wa Lindi. Cha pili kilimkimbia kabla ya Nangurukuru, gari likiwa kwenye mwendo. Mpaka hapo hajakata kona ya kushuka Masoko, hajaiona bahari ya Kilwa, hajakutana na huyo mwizi wake. Mwizi gani huyo anaiba kifuniko kwenye gari linalokimbia?

Na angalia upande: vyote viwili ni vya kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo magurudumu ya kushoto ndiyo yanayokula kingo za lami, mashimo ya pembeni na changarawe kila unapompisha lori. Hapo huhitaji askari wala mganga. Fundi pancha yeyote wa Kongowe angekujibu huku anapuliza chai yake.

Hii njia nayo mnaifahamu. Kutoka Dar mpaka Kilwa Masoko ni zaidi ya kilomita 300. Kuna matuta kila penye kijiji, kuna zile rasta zinazotikisa gari mpaka meno yanagongana, na kuna vipande ambavyo mvua zilivinyanyasa. Mei 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na watu wa kusini wakakwama. Wazee wa njia wanakumbuka pia kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kilivyotesa watu miaka na miaka kabla ya lami. Hii ni safari ya kuandaa gari. Kulipamba peke yake hakutoshi.

Sasa kile kifuniko kinakaaje? Wengi wanaopiga nacho picha hawajui, ngoja tuwape. Rimu ya chuma ina mdomo kwa ndani. Kifuniko cha plastiki kina vijino kwa nyuma, na juu ya vijino hivyo umepita waya wa duara kama springi. Huo waya unasukuma vijino vibane kwenye mdomo wa rimu. Ndiyo hivyo tu, hakuna nati wala skrubu. Plastiki ikipigwa jua miaka miwili mitatu inakauka, vijino vinakatika kimoja kimoja. Breki zikichemka, joto linahamia kwenye rimu. Waya ukipinda au ukishika kutu, hausukumi tena. Halafu ulipakie gari godoro, maji, friji na mashoga wanne, ulipitishe kwenye tuta bila kupunguza mwendo. Kifuniko kinaaga, na huku ndani mnaimba hata hamsikii.

Na hili sio la Bongo peke yetu. Wazungu wenye magari ya kulala huko Uingereza na Ujerumani wanapoteza vifuniko kila siku, na barabara zao mnazijua. Kwa wale waliozoea, mtu akikuta kimepotea anajua kimedondoka. Hawaposti kwamba kijiji kizima ni wezi.

Wadau watakaosafiri, chukueni hii bure. Kwanza saizi. Soma ubavuni mwa tairi, namba inayofuata herufi R ndiyo inchi za rimu. Kama ni R15, nunua kifuniko cha inchi 15. Ukilazimisha cha 14 kwa sababu umekipenda, umenunua cha kumwachia barabara.

Pili, safisha mdomo wa rimu. Toa tope, toa kutu, maana vijino vinabana chuma, havibani uchafu. Magari yanayoishi pwani yanakula chumvi, hili msilipuuze.

Tatu, kuna mahali waya umeachia nafasi ya valvu ya upepo. Panga hapo kwanza, anzia kubonyeza upande wa valvu, halafu zunguka kwa kiganja mpaka kikae chote. Usipige teke na usipige nyundo. Ukisikia kinacheza, bado hujamaliza.

Nne, tumia zile kamba za plastiki ambazo mafundi umeme wanabania nyaya. Chukua nyeusi, zinavumilia jua kuliko nyeupe. Pitisha kwenye tundu la kifuniko na tundu la rimu, mbili kwa kila gurudumu, zikiangaliana. Kaza, kata mkia, hakikisha haigusi valvu na ndani haigusi breki. Zungusha gurudumu kwa mkono usikilize. Kisha weka koleo kwenye gari, maana ukipata pancha usiku lazima uzikate ndipo uzione nati.

Tano, na hii ndiyo inayohusu roho yako: kifuniko kinaficha nati. Kama tairi limefunguliwa juzi, kaza nati tena baada ya kilomita 50 mpaka 100, kifuniko kivuliwe kwanza. Na kifuniko kikianza kutoka toka chenyewe upande mmoja, usikimbilie kununua kingine. Angalia kwanza kama gurudumu halichezi. Sista wetu alikuwa anatembea na rimu mbili wazi, hakuna aliyeshuka kuzigusa nati, ila muda wa klipu tatu ulikuwepo.

Kama huna muda na yote hayo, vua vifuniko vyote vinne, viweke chini ya kitanda, uvivalishe ukifika kwenye picha. Gari linatembea vizuri tu bila hiyo plastiki.

Sasa turudi kwa dogo dereva, maana hapa ndipo damu inapochemka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ipo, na kifungu cha 28 kinaongelea makato. Mwajiri hakati tu mshahara kwa hasira. Lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi akiwa kazini. Lazima amwandikie sababu, kiasi na hesabu ilivyopigwa, na ampe nafasi ya kujitetea. Kiasi kisizidi hasara yenyewe, na makato yote yasivuke robo ya ujira wake. Sista, barua iko wapi? Dogo kasikilizwa lini, kabla ya laivu au baada ya laivu?

Kuna mdau atasema yule ni deiwaka tu, hana mkataba. Sawa. Deiwaka naye mmekubaliana bei, kaendesha kwenda na kurudi, kalala kwenye siti ya mbele ninyi mmelala kwenye godoro. Kumkata kwa plastiki iliyodondoka kwenye rasta ni dhuluma, iwe kwa mkataba au kwa mdomo. Na mwendo ule ulikuwa wa nani? Kwenye klipu ya pili sauti ya nani inasikika ikisema ongeza mwendo, jua la kupigia picha linazama?

Mwingine atasema, "Kwani Kilwa hakuna wezi?" Wezi wapo kila mahali penye watu. Lakini sisi wa Dar tuna mdomo gani wa kumsema mtu? Mjini kwetu ndiko tunakochora namba ya gari kwenye saiti mira na kwenye taa ili zisichomolewe kwenye foleni. Ukiibiwa mira Dar unasema, "Nimeibiwa na kibaka." Plastiki ikidondoka Rufiji unasema, "Watu wa Kilwa ni wezi." Kwa nini Dar mwizi ni mmoja, ila Kilwa mwizi ni mji mzima? Hapo tatizo liko kwenye macho tunayowaangalia nayo watu wa kusini, na tumekuwa nayo siku nyingi.

Halafu ujue ni wapi unapatukana. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake. Aliyemkuta kwenye kiti ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Ibn Battuta kasimulia jinsi maskini mmoja alivyomwomba sultani huyo nguo alizovaa, na sultani akaenda kuzivua akampa. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na mwaka 1944 sarafu za Kilwa ziliokotwa mpaka kwenye visiwa vya Wessel, kule Australia. Magofu uliyoyafanya bakgraundi yako, pamoja na ya Songo Mnara, yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya hatari, kazi ya ukarabati ikapigwa, mwaka 2014 yakatolewa. Wenyeji walishiriki kuyanusuru ili wewe leo upate pa kupozi. Malipo yao ndiyo haya?

Na Kisiwani kwenyewe huvuki na gari, unavuka na boti. Wageni wakipungua, wa kwanza kulala njaa ni nahodha wa ile boti, yule aliyekushika mkono ushuke usilowe. Wewe ulipata vyuuzi na mdhamini wa miwani. Yeye kapata nini?

Hatumwombei sista mabaya. Kazi yake ya kuitangaza nchi tunaiona, na picha zile za Msikiti Mkuu zilikuwa kali kweli. Tunachotaka ni vitu vitatu tu. Afute ile klipu. Aposti nyingine, urefu uleule, ukurasa uleule, aseme vifuniko vilidondoka kabla ya Kilwa, na awaombe radhi watu wa Masoko na Kisiwani. Na dogo arudishiwe hela yake yote leo hii, bila kamera na bila hashtegi.

Wadau, nendeni mkaipozishe klipu ya Daraja la Mkapa mjionee wenyewe, kisha mrudi hapa chini. Na wewe dereva uliyewahi kukatwa hela kwa kitu kilichovunjwa na barabara, andika. Majina yenu tutayaweka kapuni.