MTARO HAUKATIWI UTEPE



Masika yakiingia Mombasa, kila mwaka ni mambo yale yale. Mvua ya usiku mmoja tu, asubuhi barabara imegeuka mto. Maji ya mvua yamechanganyika na maji taka, watoto wa shule wanapita humo viatu mkononi, na mama wa mahamri hana pa kuweka jiko lake. Halafu mheshimiwa anatokea, gambuti miguuni na kamera nyuma, atwambia eti mvua ya mwaka huu imezidi.

Tusidanganywe. Mvua ni ya Mungu. Mtaro uliojaa mchanga na chupa za plastiki ni wa kaunti.

Na hayo si maoni yetu. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezitaja kazi za kaunti: barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, uzoaji taka, na mitaro ya maji ya mvua mijini. Yote hayo yako chini ya paa moja.

Kweli, kuna barabara za KeNHA na kuna za KURA. Lakini hapo ndipo tunapopigwa danadana. Ukienda kaunti, waambiwa hiyo ni ya KURA. Ukienda KURA, waambiwa rudi kaunti. Sawa basi, ibandikwe orodha kwenye kila ofisi ya wadi: barabara ipi ni ya nani.

Mbona kazi hii haifanywi? Kwa sababu kuzibua mtaro hakukatiwi utepe. Barabara mpya ina jiwe la msingi, ina hotuba, ina tenda. Kuzibua mtaro mwezi wa Februari, kabla ya masika, kwataka vibarua, sepetu na lori la kubeba mchanga. Nani atakwenda kupigwa picha hapo?

Ilhali fundi yeyote wa barabara atakwambia adui wa lami ni maji. Maji yakituama hupenya kwenye ufa, chini kunalegea, magari yakipita panadidimia. Ufa wa leo ni shimo la mwezi ujao, na shimo hilo ni tenda ya mwakani. Wazee walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakujua kuna watu watafurahia kuujenga huo ukuta.

Na wasitwambie pesa hakuna. Mwenye gari alipa maegesho. Mama wa mboga sokoni alipa ushuru wa kila siku. Kijana wa boda akitia mafuta, ndani ya kila lita mna shilingi 25 za kukarabati barabara, zilizopandishwa kutoka 18 mwezi wa Julai 2024. Lita 2 tu, bob 50 imeshakwenda hata hajapata abiria. Kisha magavana na wabunge wakavutana juu ya shilingi bilioni 10.5 za hazina hiyo hiyo, kila upande wataka kuzishika wao. Nani amewahi kuwaona wakigombania sepetu?

Lori la kanjo la kubeba mkokoteni wa mchuuzi hupatikana saa yoyote. La kubeba mchanga wa mtaro, ngoja bajeti.

Twajua wengi wenu hujitolea, mnatoka na majembe na magunia kusafisha mtaa. Kuondoa udhia njiani ni sadaka, tumefunzwa tangu madrasa, na Allah awalipe kheri. Lakini sadaka yako isiwe kisingizio cha aliyelipwa kuitupa amana yake. Safisheni, na mkimaliza ulizeni.

Na kuuliza kuna njia yake. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika barua kwa Kiswahili, na kaunti yatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Uliza mambo matatu:

1. Barabara yetu iko chini ya nani?
2. Mwaka huu wa fedha imetengewa pesa ngapi za ukarabati, si za ujenzi?
3. Mtaro ulizibuliwa lini mara ya mwisho, na nani alilipwa?

Weka nakala iliyopigwa muhuri. Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa Ombudsman, ndiye msimamizi wa sheria hiyo. Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, kwa hivyo vikao vya maoni ya wananchi msiwaachie wazee peke yao. Barua moja yaweza kutupwa. Barua mia kutoka wadi moja, zenye maswali yale yale, zitamkosesha mtu usingizi.

2027 watarudi mtaani na fulana na lori la muziki, wakipita juu ya mashimo haya haya. Msiwaulize watajenga nini. Waulizeni wamezibua nini.