MKUFUNZI NAYE ANA KWAKE

Chama chetu kimezoea kumsifu mwalimu wa shule. Leo naomba nimtetee yule anayemfunza huyo mwalimu, yaani mkufunzi wa chuo cha ualimu. Hapa kwetu tunao katika vyuo vya Meru, Egoji, na St. Mark's Kigari kule Embu.

Wapo wanaodai ati wakufunzi wanakula raha: wana likizo, na wanafunzi wao ni watu wazima. Hebu tazameni wakati wa mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi hupanda na kushuka vilima akitafuta shule walikopelekwa wanachuo. Hukagua azimio la kazi, maandalio ya somo na vifaa, kisha huketi nyuma ya darasa akiandika maoni. Jioni humngoja rundo la kusahihisha. Akiwa wa zamu, hata Jumapili si yake.

Isitoshe, mwaka wa 2021 stashahada ilianza kuchukua mahali pa cheti cha P1, ili walimu wapya waumudu mtaala wa umilisi. Mkufunzi alilazimika kujifunza upya huku akifundisha. Kazi iliongezeka, siku ilibaki na saa 24 zile zile.

Sikatai kwamba pesa ni muhimu, kwani mkono mtupu haulambwi. Mwaka wa 1997 walimu waligoma, serikali ikakubali kuwaongeza asilimia 150 hadi 200 kwa awamu. Mwaka wa 1998 waligoma tena kwa sababu awamu ya pili haikulipwa. Ahadi ni deni, na deni lisipolipwa moyo wa kazi hufa.

Lakini pesa peke yake haitoshi. Kuanzia 2018 walimu wengi nchini walihamishwa mbali na makwao. Mshahara ulikuwa ule ule, lakini familia ziligawanyika, na malalamiko yakazidi hadi 2023 wengi walipoanza kurudishwa. Nyongeza haimlei mtoto.

Kwa maoni yangu, mkufunzi aliyeshika zamu Jumamosi na Jumapili apewe siku ya kupumzika katikati ya juma. Nauli ya kukagua wanachuo ilipwe kabla ya safari, wala si miezi baadaye. Tena wanachuo wapelekwe shule zilizo karibu karibu ili mkufunzi asilale njiani.

Nao wakufunzi nawaambia: haki huenda na wajibu. Uchovu usiwe kisingizio cha kusoma kwa sauti maandishi ya miaka kumi iliyopita.

Ndugu msomaji, usiseme hayakuhusu. Mwanachuo huiga anachokiona. Akifunzwa na mtu aliyekata tamaa, ataibeba tamaa hiyo iliyokatika hadi darasa la kwanza, na huko ndiko aliko mdogo wako na wangu.