Ujirani Hauna Kadi

Karafuu haimfai mtu aliye peke yake. Huko Wawi, kama kwingineko Pemba, ikishachumwa na kuchambuliwa huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa. Mwenyewe akiwa shamba, au yuko Chake Chake akimuuguza mtoto, na wingu la vuli likatanda ghafla, hapana wa kuianua ila jirani. Ikirowa huharibika, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar hulinunua zao hilo kwa daraja. Kwa hiyo jamvi la kuazima na mikono ya kuanulia ni mali ya mtaa, ingawa haiandikwi katika daftari lolote.

Wapemba wanajua hasara ya kuipoteza mali hiyo. Baada ya Uchaguzi Mkuu wa 1995 chuki za siasa ziliingia hadi mazikoni. Majirani walisusiana misiba, maduka na magari ya abiria kwa sababu ya kadi za vyama. Maridhiano ya Novemba 2009, na kura ya maoni ya Julai 31, 2010, ambapo asilimia 66.4 ya wapiga kura waliunga mkono Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yalifungua mlango wa amani. Lakini viongozi hutia saini mapatano tu. Hawawezi kumjulia hali jirani kwa niaba ya mwananchi.

Hapo ndipo ulipo wajibu wa mwalimu na mtumishi wa Serikali. Mara nyingi huwa mgeni aliyehamishiwa mahali. Humjua sheha kwa kuwa anahitaji barua yake, asimjue aliye nyuma ya ukuta wake. Mwanachama wa Chama cha Mapinduzi naye hana udhuru: shina ndiyo ngazi ya Chama iliyo karibu zaidi na nyumba za watu. Balozi ahesabuye kadi bila kujua nani mgonjwa katika nyumba ya tatu, eti kwa kuwa huyo si mwenzake, hajaifanya kazi yake.

Wakati wa kuanza si mwezi wa kampeni. Ni leo jioni, barazani: kuuliza jina, kuazima jembe na kulirudisha, kwenda mazikoni bila kuuliza chama cha marehemu. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu, na mafiga ya jikoni hayaulizani rangi.