Shauri Lianze Upya: Nani Anayelipa?

Katika lugha ya mahakama zetu hakuna neno lenye sura ya upole kuliko neno "upya". Mahakama ya rufaa hubaini kasoro katika mwenendo wa shauri, hubatilisha yote yaliyofanyika, hufuta hukumu, kisha huamuru shauri lisikilizwe upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wajumbe wengine. Mara nyingi kila upande huambiwa ubebe gharama zake. Kwenye karatasi hiyo ni sare. Mimi nasema si sare. Katika migogoro ya ardhi ya vijijini, amri ya kuanza upya nayo ni hukumu, na anayeshinda kwa kawaida ni yule aliyekwisha kukaa shambani.

Nitaijenga hoja hii juu ya Kolo, kijiji kilicho kaskazini ya mji wa Kondoa, kando ya barabara kuu iendayo Babati. Watu wa mbali wanaijua Kolo kwa michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Mimi naitaja kwa sababu ya udongo wake. Nyanda hizi za Irangi zilimomonyoka kiasi kwamba Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika la Kondoa, eneo la kilomita za mraba 1,256. Katika nchi ya namna hiyo korongo hupanuka, mto wa mchanga huhama, na mti uliokuwa alama ya mpaka huanguka na kingo zake. Tangu barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati ikamilike na kuzinduliwa mwaka 2018, ardhi iliyo kando yake haithaminiwi tena kama ilivyothaminiwa zamani. Mashamba mengi ya vijijini hayana hati ya hakimiliki ya kimila. Ushahidi wa mpaka ni mzee aliyekuwepo ulipowekwa, na alama ambayo bado inaonekana. Vyote viwili vina umri.

Sasa tuchukue mfano, na nausisitiza kuwa ni mfano. Majirani wawili wanagombea ekari tatu zilizo kati ya korongo la zamani na korongo jipya. Kwa sheria ya leo wanaanzia kwenye usuluhishi. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyanyang'anya mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi na kuyaachia kazi ya kusuluhisha, kwa muda usiozidi siku 30. Wakishindwa kupatana, wanakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko wanakaa mwenyekiti, ambaye ni mwanasheria, na wajumbe wasiopungua wawili. Asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, ambayo kwao iko Dodoma mjini, kilomita zipatazo 180 kutoka Kolo. Juu ya hapo ipo Mahakama ya Rufani. Hadi mwaka 2023 mtu alihitaji kwanza kibali cha kufika huko katika shauri la ardhi. Sharti hilo liliondolewa, na ni jambo jema, kwa kuwa maombi ya kibali yenyewe yalikuwa yamegeuka kuwa kesi ndani ya kesi.

Ngazi hizi si nyingi mno, na nchi nyingi zinazo. Tatizo ni kile kinachoweza kutokea mtu akifika juu. Tuseme baraza lilisikiliza mashahidi wanane, likatembelea eneo, likaandika hukumu. Mahakama Kuu ikaithibitisha. Kule Mahakama ya Rufani majaji wanalifungua jalada na kukuta kwamba maoni ya wajumbe hayakusomwa mbele ya wadaawa kabla ya hukumu kuandikwa. Mwenendo wote unafutwa. Hakuna aliyesema shamba ni la nani.

Sizungumzii jambo la kufikirika. Katika rufaa zilizofunguliwa mwaka 2017 na kusikilizwa Mbeya, Mahakama ya Rufani iliweka msimamo kwamba wajumbe wa baraza lazima watoe maoni yao, na wadaawa wayasikie. Mwenyekiti kuandika tu ndani ya hukumu kwamba amezingatia maoni ya wajumbe hakutoshi. Baada ya hapo majalada mengi yaliyokuwa njiani yalianguka kwa kasoro hiyohiyo, mengi yao yakiwa yamesikilizwa kabla msimamo huo haujatamkwa.

Kwa kanuni yenyewe niko upande wa Mahakama. Wajumbe hawakuwekwa pale kuwa pambo. Kanuni za mwaka 2003 zinataka kila mjumbe atoe maoni yake kwa maandishi, tena anaweza kuyatoa kwa Kiswahili, na mwenyekiti akitofautiana nao sheria inamtaka aeleze sababu. Hii ndiyo njia ambayo maarifa ya wenyeji huingia katika hukumu. Mwenyekiti aliyehamishwa jana kutoka mkoa mwingine anaweza asijue kwamba mmea fulani huoteshwa kwa makusudi kuwa mpaka, mjumbe anajua. Kuyaficha maoni yake ni kasoro ya kweli. Ugomvi wangu ni juu ya dawa. Kama mashahidi walikwisha kusikilizwa vizuri na eneo likatembelewa, kwa nini ushahidi wao uchomwe pamoja na hukumu? Jalada lingeweza kurudishwa hadi hatua ile tu iliyoharibika: wajumbe walewale, kama bado wapo, watoe maoni, wadaawa wayasikie, hukumu iandikwe. Zipo amri za namna hiyo zilizowahi kutolewa. Zingekuwa kawaida, nisingeandika makala haya.

Wanafunzi wangu huniuliza kama Marekani, ambayo mifano yake wanaisoma sana, inafanya vizuri zaidi. Jibu langu ni kwamba Marekani ilikuwa hapa tulipo, na ilitoka kwa kulazimishwa. Mwaka 1906 Roscoe Pound, wakati huo mwalimu wa sheria kutoka Nebraska, alihutubia chama cha mawakili huko St. Paul akieleza kwa nini wananchi walikuwa wamechoshwa na mahakama. Miongoni mwa aliyoyashutumu ni mazoea ya kuigeuza kesi kuwa mchezo, ambamo jaji ni refa wa kanuni na mahakama za juu hufuta hukumu kwa dosari za utaratibu hata pale matokeo yalipokuwa ya haki. Mawakili wengi walikasirika. Ilipofika mwaka 1919, Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayozielekeza mahakama za rufaa za shirikisho kutozingatia makosa yasiyogusa haki za msingi za wadaawa. Na mwaka 1943 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka katika shauri la madai kwamba anayetaka hukumu ifutwe kwa sababu ya kosa ndiye mwenye mzigo wa kuonesha kwamba kosa hilo lilimdhuru.

Swali lao la rufaa, kwa hiyo, lina sehemu mbili: je, kosa lilitendeka, na je, lilimuumiza nani? Kwetu sehemu ya pili mara nyingi haifikiwi.

Tusiwapambe, hata hivyo. Mfumo wao una bei yake. Mahakama zao za rufaa hazisikilizi ushahidi upya. Matokeo ya ukweli yaliyofikiwa na jaji wa chini hayaguswi isipokuwa yakiwa na makosa ya wazi, na yale ya baraza la wananchi yanalindwa zaidi. Aliyeshindwa chini kwa sababu hakuwa na wakili mzuri hana pa kuupeleka ukweli wake. Sisi tuna kitu bora: rufaa ya kwanza kwetu huchukuliwa kama usikilizaji mpya juu ya maandishi, na Mahakama Kuu ina wajibu wa kuupima ushahidi wote kwa macho yake yenyewe na kufikia uamuzi wake. Mkulima wa Kolo asiye na wakili anaihitaji sana rufaa ya namna hiyo. Haina maana yoyote kwake ikiwa jalada lake litafungwa kabla ushahidi haujasomwa.

Tena hatuhitaji kuazima sheria ya mtu. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 kinakataza uamuzi wa baraza kutenguliwa katika rufaa kwa sababu ya kosa la mwenendo, ila kama kosa hilo limesababisha haki isitendeke. Ibara ya 107A ya Katiba, iliyoingizwa mwaka 2000, inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mwaka 2018 Bunge likaongeza kanuni hiyohiyo katika sheria za mwenendo wa madai na za rufaa. Na mwaka huohuo Mahakama ya Rufani, ikiketi Mwanza, ilikataa kufuta mwenendo wa baraza la kata kwa madai kwamba wajumbe waliokaa hawakuandikwa ipasavyo. Ilikitumia kifungu cha 45, ikakumbusha kwamba mabaraza yale yaliundwa yawe mepesi kwa wananchi, na ikaiacha hukumu isimame. Shauri liliisha, na mtu akajua shamba ni la nani.

Kwa hiyo tuna mikondo miwili ndani ya mahakama ileile. Watetezi wa mkondo wa kwanza watasema kuna kasoro zinazogusa mamlaka yenyewe ya baraza, na kwamba chombo kisichoundwa kisheria hakiwezi kutoa hukumu halali. Hoja hiyo ina uzito. Mwenyekiti akikaa peke yake tangu mwanzo, hapo hakuna baraza. Lakini orodha ya mambo yanayoitwa ya "mamlaka" imezidi kurefuka, na kila wakili anayejua kwamba ushahidi umemwendea vibaya hutafuta la kuongeza. Tabia hii ni ya zamani. Mwaka 1969, katika shauri la Mukisa Biscuit ambalo kila mwanafunzi wa sheria hulikariri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililalamikia pingamizi za awali zinazoletwa mahali pasipostahili, zikiongeza gharama na kuvuruga mambo. Tunalikariri, kisha tunatoka darasani kwenda kuyafanya yaleyale.

Turudi kwa majirani wetu wa ekari tatu. Amri ya "upya" inapotolewa, kati ya mashahidi wanane pengine wawili wamefariki, wa tatu hasikii vizuri. Korongo limekula alama. Aliyevamia, kama ndiye anayelima, analima tena msimu huu na ujao, na alizeti anayovuna ndiyo inayomlipia nauli ya Kondoa. Aliyeshinda mara mbili anarudi mwanzo mikono mitupu. Mahakama haikukusudia hayo. Lakini ndiyo matokeo, na mahakama inayopima matokeo ya kosa la utaratibu inapaswa pia kuyapima matokeo ya amri yake yenyewe.

Kwa majaji nasema hivi: pale ambapo kuanza upya hakuepukiki, amri iseme wazi kwamba ushahidi wa shahidi aliyefariki na ramani ya eneo iliyochorwa wakati wa ziara vitatumika. Sheria ya Ushahidi tayari inaruhusu, kwa masharti, maneno ya aliyekufa yapokewe; kinachokosekana ni kuyasema katika amri, ili baraza jipya lisianze kwa kubishania hilo.

Na kwa watumishi wa umma, hasa maofisa watendaji wa kata na vijiji, kuna kazi isiyongoja Bunge. Usuluhishi ukishindikana, baraza la kata hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Kwa nini karatasi hiyo isifuatane na mchoro wa mkono wa eneo, wenye tarehe, alama zilizokutwa siku hiyo, hatua ngapi kutoka korongo hadi jiwe, na saini au dole gumba la pande zote mbili? Najua aliyoyakiri mtu katika usuluhishi hayafai kutumiwa dhidi yake baadaye. Jiwe halijakiri chochote. Mtendaji anahitaji kalamu, kamba ya kupimia na asubuhi moja, nayo afadhali iwe kabla ya masika.